Koli si Yako, Nayo Imepotea: Nani Alipe?

Tangu Ijumaa ile ya mvua kubwa, hapa masomoni wakati wa kula hakuna neno lingine ila koli. Nani alipe koli? Kila meza ina avoka wake, na kila avoka anapiga kelele kuliko mwenzake. Wengine walifika hata kusema twende pale njia panda ambapo wenye moto wanangojea watu, tukamate moto ya yule motari, tuifungie depo mpaka alipe. Sisi makapita tulikataa. Lakini kukataa tu hakutoshi, inafaa kueleza. Basi tulimuuliza mzazi mmoja ambaye kazi yake ni avoka, tukafungua kitabu cha sheria alichotuazima, tukamsumbua na mwalimu wetu wa historia. Haya ndiyo tuliyoelewa. Na neno moja tulitangulize: sehemu ya kosa ni yetu sisi wenyewe. Tutaifikia.

Kwanza habari yenyewe, kwa sababu wengi wanaisimulia kwa kuitia chumvi.

Dada yetu mmoja wa kalasi ya sita ana mama yake Bunia. Mama alifunga koli, akaipeleka kwa ajansi moja yenye malori, akalipa, akapewa bordero yake. Ndani mlikuwa viatu, shuka mbili, miwani mpya, na buletini za pointi za miaka miwili aliyosoma kule, zile za asili, ambazo zilitakiwa kwa dosie yake ya Egzamen ya Leta. Koli ilipita Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Wanaoijua barabara namba 4 wanajua maana ya kupita huko salama siku hizi. Ikafika Kisangani bila hata kulowa. Ikapotea hapa hapa mjini, mwendo wa robo saa kwa moto.

Kumbe kaka mmoja wa kalasi ya nne ana jina sawa na la yule dada, ingawa si ndugu. Yeye alikuwa anangojea koli yake kwa ajansi ileile: mchele, karanga na nyama ya kukausha, kutoka kwa shangazi yake Bafwasende. Siku za kazi mwanafunzi hana ruhusa ya kutoka, na nyote mnajua desturi yetu: kapita anaandika karatasi ndogo, motari tunayemzoea anaenda nayo, analeta mzigo, analipwa mlangoni. Ndivyo tulivyofanya. Tuliandika jina la ukoo na jina la masomo yetu. Hatukuandika jina la nyuma, wala jina la ubatizo, wala mahali koli ilipotoka.

Komi wa ajansi alitazama karatasi, akatazama rafu, akaona jina, akatoa koli. Hakuuliza bordero. Hakumwambia motari atie mkono katika kitabu. Motari akaifunga nyuma kwa mpira, akapakia na abiria mmoja juu ya kupata pesa kidogo njiani, mvua ikaanguka. Alipofika mlangoni kwetu mpira ulikuwa umekatika na koli haipo. Alirudia njia ile mara mbili, akilowa. Tulimwona kwa macho yetu, hakuwa anaigiza.

Siku mbili kaka wa kalasi ya nne alilia nyama yake. Siku ya tatu ajansi wakapiga telefone: "Ninyi kule, koli yenu inanuka, njooni mchukue!" Na jioni ileile mama wa Bunia akapiga telefone kuuliza kama miwani inamfaa mtoto wake. Ndipo tukaelewa kwamba iliyopotea si ile tuliyotuma ichukuliwe. Tukakaa kimya wote. Kupoteza kitu ulichotumwa ni shida. Kupoteza kitu cha mtu ambaye hakukutuma, hakukujua, na pengine wakati ule alikuwa darasani akisoma kemia, hiyo ni shida ya namna nyingine.

Motari alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Maneno yake tunayaandika kama alivyoyasema: "Kapita, mimi nilionyesha karatasi yenu, njo walinipa ile. Mi haiko mwizi. Minajua je ndani iko nini, iko ya nani?"

Sasa tuangalie. Katika habari hii mna mapatano mawili, na watu wengi wanayachanganya. Patano la kwanza ni la mama wa Bunia na ajansi: alilipa ili koli ifikishwe kwa binti yake, aliyeandikwa jina lake juu. Patano la pili ni letu na motari: akalete koli ya kaka wa kalasi ya nne. Kati ya yule dada na motari hapakuwa patano lolote. Hakumpa kitu, hakumwahidi kitu, hata hawajuani. Hapo ndipo waliosema "motari peke yake alipe" wanapokosea njia. Dada hawezi kumwambia motari "umevunja neno lako kwangu", maana hapakuwa neno.

Lakini waliosema "basi motari yuko huru" nao wamekosea. Sheria yetu ya mapatano ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inayoitwa kitabu cha tatu cha Kodi Sivili, na ingali inafanya kazi katika Kongo yetu. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa sawasawa ni sheria kwa wale walioyafanya. Mbele zaidi, kifungu cha 258 hakiulizi tena habari ya mapatano: mtu yeyote ambaye kwa kosa lake amemletea mwingine hasara anapaswa kuitengeneza. Cha 259 kinaongeza kwamba si lazima uwe umekusudia. Uzembe unatosha, na kukosa uangalifu kunatosha. Kwa hiyo motari aliyefunga koli kwa mpira uliochakaa, tena akapakia abiria juu yake, ana jambo la kujibu hata kwa mtu asiyemjua.

Halafu kuna ajansi. Avoka alitueleza jambo ambalo hatukulifikiria. Ajansi wanasema "sisi tulikwisha kutoa koli, yaliyotokea barabarani hayatuhusu". Hapana. Kutoa koli kwa mtu asiye wake si kutoa, ni sawa na kuwa bado unadaiwa. Machoni pa mama wa Bunia koli ilipotea pale pale kwenye meza ya komi, wakati mkono wa komi ulipompa motari. Mpira kukatika ni habari ya pili. Hata kama motari angeifikisha hapa kavu kabisa, ajansi wangekuwa tayari wamekosa, isipokuwa kosa lao lingesahihishwa kwa bahati njema. Na mchukuzi hapewi nafasi ya kusema tu "sikukusudia". Tangu Kodi ya Napoleon ya mwaka 1804, ambayo kanuni zetu zilifuata njia yake kupitia Ubelgiji, mchukuzi anajibu kwa kila kilichopotea, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba ni ajali isiyozuilika. Yeye ndiye athibitishe. Si mwenye mali.

Mmoja wetu aliuliza: je, mvua si ajali isiyozuilika? Avoka alicheka sana. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, mvua hapa haikosi mwezi. Mvua ya Kisangani si ajabu ambayo mchukuzi hawezi kuitazamia. Mti kuanguka ghafula juu ya lori, hiyo tungeweza kuibishania.

Wale wanaosoma Biblia kwa uangalifu watakuwa wamekumbuka Kutoka, mlango wa 22. Pale Musa anashughulika na jambo hilihili, mali iliyowekwa mkononi mwa jirani. Mnyama akiibwa kwa mtu aliyepewa kumtunza, huyo mtunzaji alipe. Akiwa ameraruliwa na mnyama wa porini, halipi, lakini alete mabaki yawe ushahidi. Angalieni: haitoshi kusema simba alikuja. Lete mfupa. Motari wetu alileta mpira uliokatika, na kwa kweli huo mpira ulimshitaki kuliko kumtetea.

Basi, na sisi? Kifungu cha 260 kinasema kwamba bwana anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtumishi wake katika kazi aliyompa. Kwa hiyo kosa la komi ni kosa la ajansi, hakuna kumsukumia kijana wa watu anayelipwa kidogo. Lakini motari si mtumishi wetu. Tunamwambia aende wapi, hatumwambii afunge mzigo namna gani. Ana kazi yake mwenyewe, au pengine ana mwenye moto anayengojea pesa yake kila magaribi. Mpira si shauri letu. Karatasi ndiyo shauri letu. Karatasi yenye jina moja tu, katika masomo yenye wanafunzi mamia, ni uzembe, na 259 inatuangalia usoni. Tena kifungu kilekile cha 260 kinataja walimu, kwamba wanajibu kwa hasara inayoletwa na wanafunzi walio chini ya ulinzi wao. Tulipomweleza Prefe wa masomo kwamba karatasi yetu inaweza kumfikisha yeye mbele ya mwamuzi, hakucheka. Alituambia: "Watoto, kumbe mnaandika kwa jina langu!"

Juu ya majina, tuseme kidogo. Tangu miaka ya 1970, wakati wa Authenticité ya Mobutu, wazazi na babu zetu waliacha majina ya Kizungu wakachukua jina la nyuma. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, na leo wengi wetu tuna majina matatu. Ni utajiri, lakini mtu akifunga koli anaandika moja tu, lile la ukoo, ambalo nusu ya kijiji wanalo! Halafu tunashangaa.

Mwalimu wa historia aliposikia tunasema jambo hili ni jipya, alitutuma kwenye mwaka uleule wa dekreti, 1888, na mahali si mbali: Banalia, kwenye barabara ya Buta, ndani ya jimbo letu la Tshopo. Stanley alikuwa anakwenda kumtafuta Emin Pasha upande wa Ziwa Albert. Mwezi wa Juni 1887 aliacha nyuma sehemu ya watu na mizigo Yambuya, kwenye mto Aruwimi, chini ya Meja Barttelot. Wangemfuata wakipata wapagazi walioahidiwa na Tippu Tip, ambaye wakati ule alikuwa liwali wa Stanley Falls, yaani hapa petu. Wapagazi walikawia karibu mwaka. Watu walikufa wengi sana kambini kwa njaa na ugonjwa. Ikaja habari kwamba Stanley amekufa msituni. Basi vitu vyake mwenyewe, nguo na dawa, vikapelekwa Bangala, mbali kule chini ya mto Kongo. Barttelot akapigwa risasi Banalia tarehe 19 Julai 1888, siku 11 tu kabla ya dekreti yetu kutiwa mkono. Na tarehe 17 Agosti Stanley akatokea msituni, mzima, akiuliza sanduku zake.

Hatumlilii Stanley. Waliokufa Yambuya wanastahili machozi zaidi kuliko nguo zake. Lakini tazameni jinsi neno linavyofanana: hakuna aliyeiba, waliopeleka mizigo waliamini wanafanya vyema, na mwenye mali alibaki bila kitu. Kisha yakafuata yale tuliyoyaona sisi mezani kwetu. Tangu mwaka 1890 vitabu vilitoka Uingereza, Stanley akiwalaumu maofisa wake, na jamaa za marehemu wakijibu kwamba yeye ndiye aliyewaacha katika hali isiyowezekana. Stanley alimshitaki hata Tippu Tip kule Zanzibar juu ya wale wapagazi, akidai pesa nyingi. Tippu Tip aliondoka hapa mwaka 1890 kwenda pwani, wala hakurudi tena. Kesi yenyewe iliachwa. Kelele zote zile, na hakuna aliyeuliza mapema swali moja dogo: nani alisema vitu hivi viondoke, na kwa karatasi gani?

Turudi kwetu. Swali la mwisho lilikuwa: kulipa kiasi gani? Hapa tulishangaa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Umoja huo una sheria ya uchukuzi wa mizigo kwa barabara, iliyokubaliwa Yaoundé mwaka 2003. Inasema mchukuzi akipoteza mzigo, malipo hayazidi franga CFA 5,000 kwa kila kilo, isipokuwa mwenye mzigo awe ameandikisha thamani yake wakati wa kuutuma. Franga hizo hazifiki euro 8. Koli ya yule dada ilikuwa kilo 4. Pigeni hesabu wenyewe, mlinganishe na miwani! Mama wa Bunia hakuandikisha thamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na kwa sababu ukiandikisha unaongezwa bei. Tunaomba wenye wazazi mbali wawaambie: kitu cha bei kubwa, thamani iandikwe kwenye bordero. Na karatasi za masomo zisitiwe katika koli pamoja na viatu. Zipewe mtu, mkono kwa mkono.

Sasa lile la kukamata moto. Fikirini: moto ile ni ya nani? Pengine si yake. Tungeifungia, mwenye moto angekosa pesa yake, motari angekosa chakula cha watoto wake, na kifungu cha 258 kingetugeukia sisi, maana kuchukua mali ya mtu kwa nguvu ni kosa jipya, halilipi lile la kwanza. Deni linadaiwa mbele ya mwamuzi au kwa kupatana. Tulisikia kuna waliomfokea motari mlangoni mpaka akaacha kupita kwetu. Tumeenda wawili kumwomba radhi.

Mambo yaliishia hivi. Ajansi walikataa kwanza. Prefe wa masomo akaandika barua, akataja bordero ya mama na kitabu chao ambamo hakuna mkono wa mtu yeyote siku ile. Mkubwa wao akakubali tukae pamoja. Yule dada alisema bei ya vitu vyake, polepole, bila kuongeza kitu, miwani dola 40, viatu dola 15, shuka dola 12. Tulimheshimu kwa hilo. Ajansi walirudisha pesa ya safari ya koli, wakalipa dola 40 ya miwani. Motari atalipa dola 12 ya shuka kidogo kidogo, kwa kutuchukulia mizigo mpaka iishe. Dola 15 ya viatu tulilipa sisi makapita watano, kutoka mifukoni mwetu, si kwa kasha la wanafunzi. Mmoja wetu aliuliza kama kaka wa kalasi ya nne naye achangie, tukaona hapana: yeye aliomba koli yake tu, na aliipata imeoza.

Wengine watasema ajansi walistahili kubeba yote. Avoka naye aliona hivyo. Alisema mbele ya mwamuzi mama wa Bunia angewadai wao peke yao, kisha wao wangegeuka kutafuta sehemu yao kwa motari na kwetu. Lakini kesi ina siku zake, na egzamen ina siku zake.

Buletini za pointi hakuna aliyeweza kuzilipa. Masomo ya Bunia yameombwa duplikata. Mpaka tunapoandika, ya mwaka mmoja imefika, ya mwaka wa pili bado, na Prefe ameomba dosie ingojewe.

Toka sasa karatasi ya kapita itakuwa na majina yote matatu, kalasi, mahali koli inakotoka na namba ya bordero, na motari atatia mkono katika daftari letu kabla ya kuondoka. Asiye na namba ya bordero ampigie telefone aliyemtumia kwanza. Koli mbili zilizofika Jumanne zingali katika ofisi ya makapita, moja kutoka Isangi na moja kutoka Ubundu. Iliyotoka Ubundu ina jina moja tu juu yake, na wanafunzi wanne wamekwisha kuja kusema ni yao.